Darubini ya Baba Bado Inatumika

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 30 Novemba.

Mpendwa Kaka,

Pokea kwanza salamu zangu, maana barua isiyo na salamu ni kama mtu aliyeingia ndani bila hodi. Hujambo? Wifi hajambo? Binti yako mkono wake umeunga sawasawa, au bado anaandika kwa shida? Na mgongo wako je, ule unaokuuma ukikaa sana mezani?

Sisi tunaendelea. Baba mwili wake mzima: anakula, analala, kila asubuhi anatembea mpaka getini na kurudi akihesabu hatua kwa sauti ndogo. Mimi kifua kilinibana mwezi uliopita kwa lile vumbi la kukata lenzi pale kwenye duka la miwani, sasa kimeachia. Shangazi magoti ni yaleyale, na ulimi ni uleule.

Barua yako ilifika Jumanne. Nilimsomea Baba sebuleni, yote, maana hataki nimrukie hata mstari. Nilipofika pale ulipoomba tufunge darubini na madaftari yake, tumpe rafiki yako anayesafirisha mizigo, ili binti yako aipeleke kwenye maonyesho ya sayansi shuleni, nilisoma vizuri tu. Kilichonikwama kooni ni maneno manne uliyoyatia katikati: “kwa vile sasa haitumiki.”

Nimekaa nayo siku tano. Leo duka limefungwa, Baba amejipumzisha, nami nimeona nikujibu taratibu tangu mwanzo. Mengi ya haya ulisimuliwa kwa simu ukiwa una haraka, na mtu mwenye haraka husikia nusu.

Unajua kwamba Baba alipostaafu upimaji wa ardhi hakuweza kukaa bure. Miaka thelathini na mitatu jicho lake lilikuwa limezoea kuchungulia kwenye kipimio. Akaanza kusaga kioo cha darubini. Alikisaga juu ya meza ya jikoni miezi kumi na minne, kioo juu ya kioo, mchanga laini na maji katikati, akizunguka meza kama ng'ombe wa kinu cha mafuta. Mama, Mungu amrehemu, alisema yeye aliolewa na mpima ardhi, hakuolewa na kinu, na mwaka ule wote tulikula sahani zikiwa mapajani. Bomba alilitengeneza kwa mbao nyembamba, na kitako chake ni ule mlango wa stoo uliokuwa umeoza chini. Wewe uliletewa picha. Uliandika kwamba ni kazi nzuri ya mzee.

Siku ya kwanza alipoielekeza kwenye Zohali, sayari ile yenye pete, hakuondoa jicho kwenye lenzi muda mrefu, mpaka Mama akadhani amepatwa na kitu. Kisha akaniita mimi. Tangu siku hiyo ikawa kazi yetu wawili, yeye na mimi, kila jioni isiyo na mawingu, hapo nyuma ya nyumba kati ya kamba ya nguo na pipa la maji.

Baba hakuridhika na pete. Pete, alisema, kila mtu anaziona. Yeye alitaka miezi inayoizunguka Zohali, ile hafifu. Ule mkubwa kuliko yote aliuita Mnene, huo hata mtoto anauona. Wa pili na wa tatu ukizoea unaipata. Baada ya hapo unaanza kuomba. Wa ndani kabisa kati ya ile tuliyoitafuta, ambao vitabuni unaitwa Mimas, Baba aliuita Mtoro, kwa kuwa huzunguka ukiwa umejibana kwenye mwanga wa pete, na kila unapodhani umeushika, haupo. Huchomoza pembeni kwa saa moja hivi, kisha hurudi kujificha.

Alinifundisha namna ya kuangalia vitu hafifu. Usiuangalie mwezi usoni, alisema, angalia pembeni yake kidogo, kama unavyomwangalia mtu usiyetaka ajue unamwangalia. Jicho huona gizani kwa ukingo wake. Nilijifunza. Miaka sita tukaandika madaftari manne: tarehe, saa, hali ya hewa, mwezi gani umeonekana na upande gani. Mwandiko wake ukurasa wa kulia, wangu wa kushoto. Mtoro haukuwahi kuandikwa hata mara moja.

Lakini Baba alikuwa na hesabu yake. Kila baada ya miaka kumi na mitano hivi, Zohali hutugeuzia pete zake ubavu, zikaonekana kama uzi tu. Mwanga wa pete hupungua, na hapo ndipo miezi hafifu hupata nafasi ya kuonekana. Mara ya mwisho ilipotokea, yeye alikuwa porini na vigingi vyake vya mipaka, hana darubini. Safari hii alijiandaa. Alijua mwaka, alijua mwezi. Alikuwa akisema, “Mungu akinipa macho mpaka mwaka huo, mengine atakayonipa ni nyongeza.”

Mwaka huo ndio huu, Kaka.

Sasa sikiliza ilivyoanza. Ni miaka minne na miezi kadhaa iliyopita. Jioni moja Baba akaniambia kioo kimechafuka, maana ule mwezi wa tano hauonekani. Tukakitoa, tukakiosha kwa maji yaliyochemshwa na pamba, kama mtoto mchanga. Jioni iliyofuata akasema hata wa nne haupo.

“Angalia wewe,” akaniambia.

Nikaangalia. Wa nne ulikuwepo. Wa tano ulikuwepo. Yote miwili safi kama punje za chumvi kwenye kitambaa cheusi.

“Unaona nini?”

Nilitaka kumdanganya. Nikashindwa. Nikamwambia, “Baba, naiona yote.”

Alifunika darubini mwenyewe, akaingia ndani, akakaa kitandani na viatu.

Mimi nakata lenzi, si daktari, lakini miaka kumi na tisa kwenye duka la miwani haipiti bure. Nilijua kuna ugonjwa unaoiba ukingo wa jicho kwanza, ukaacha katikati, ili mwenye jicho asishtuke. Ukingo uleule anaoutumia mtu kuona kitu hafifu gizani. Asubuhi nikampeleka kwa daktari wa macho aliye jirani na duka letu, yule mama mpole anayetuandikia vipimo. Akampima. Presha ya macho, yote mawili, na la kulia limeshaliwa sana. Akampa matone. Baada ya wiki sita matone hayakushusha kitu. Akatwambia waziwazi kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa, na akataka amfanyie upasuaji ndani ya mwezi huo.

Hapo ndipo tulipokupigia. Simu niliishika mimi, nikaiweka kwenye spika ili Baba asikie. Naikumbuka sauti yako, na nakuapia haikuwa sauti ya mtu mbaya. Ulishtuka. Ulisema, “Msikubali akatwe huko. Macho si ya kujaribia. Nipeni miezi mitatu, nikamilishe makaratasi, nije nimchukue mwenyewe.”

Baba akanyoosha mgongo. Kaka, tangu Mama afariki sikuwahi kumwona akinyoosha mgongo namna ile. Akasema, “Mwanangu anakuja kunichukua.”

Kesho yake nikamwambia, “Baba, huyu daktari anasema mwezi mmoja, si mitatu.” Akanijibu kwa upole, “Mwanangu, wewe unakata vioo. Kaka yako ni daktari.” Nami nikacheka, maana udaktari wako ni wa kusomea udongo. Yeye hakucheka. Tulipokwenda kliniki akamwambia yule mama, “Daktari wetu amesema tusubiri.” Yule mama akaheshimu, akadhani kuna bingwa mwenzake mahali. Alikuja kujua baadaye sana kwamba daktari aliyemzuia ni bingwa wa mbolea.

Miezi mitatu ikapita. Ukasema una mitihani ya wanafunzi. Ikapita mingine, mkahama nyumba. Kisha kukawa na mkutano, kisha kupandishwa cheo, ambako tulikupongeza kwa moyo wote. Baba alikuwa amezoea kuhesabu miezi ya angani; ukamfundisha kuhesabu miezi ya kalenda. Kila ulipopiga simu alisema hali yake si mbaya, na wewe ukapenda kumwamini. Mimi nilipokuandikia kwamba si kweli, ulijibu kwamba napenda kutia watu hofu.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwetu iliumiza macho.

Sitaki nijitoe kwenye lawama, nitakuwa mwongo. Ningeweza kumshika mkono siku moja nikampeleka upasuaji na kumwambia nitamjibia mimi. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano, si mtoto. Lakini wewe ni mkubwa, na katika nyumba hii neno la mkubwa husubiriwa hata likiwa limelala njiani. Nilinyamaza. Hilo ni langu, nalibeba. Ila nimechoka kulibeba pamoja na lako.

Jicho la kulia lilizimika mwaka juzi wakati wa mvua. La kushoto lilifuata mwaka jana, si kwa siku moja, kidogo kidogo. Nilijua siku nilipomkuta jikoni anajimiminia chai, na chai inajaa sahani, kikombe kiko pembeni. Alisikia hatua zangu, akasema, “Kikombe kimehama.” Nikafuta meza. Sasa la kushoto linajua mchana na usiku, basi.

Kipindi hicho ulikuja, siku tisa. Ulimkumbatia, ulilia, ulimnunulia redio. Ulikwenda kumwona yule mama daktari, ukarudi ukisema kwa kweli amechelewa. Ulisema amechelewa, kama vile Baba alikuwa anakwenda kwa miguu akasimama kupiga soga. Nilikuwa nakuandalia maji ya kuoga wakati unasema hivyo. Nilikutilia maji, nikaondoka.

Basi ukafika mwaka wake. Pete zikaanza kusinyaa. Nilitamani Baba awe amesahau, lakini mpima ardhi hasahau tarehe. Mwanzoni mwa mwezi huu akaniambia, “Zohali sasa iko juu mapema. Toa darubini.”

Nikasema, “Baba, ya nini?”

“Wewe si una macho?”

Palikuwa na tatizo la taa. Jirani yetu wa nyuma ni muuguzi, mtaa mzima tunamwita Mama Zamu kwa kuwa hatujui lini analala. Ana taa kubwa ya ulinzi inayomulika uwanja wetu mpaka unaweza kuchambua mchele. Tuliwahi kugombana kwa ajili ya taa hiyo. Nikaenda kumwomba, nimejiandaa kwa maneno makali. Akanisikiliza mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

“Mzee haoni,” akasema. “Taa inamsumbuaje?”

“Inanisumbua mimi. Namwangalizia.”

Akanitazama. Akaingia ndani, na kabla sijavuka uzio taa ikazimika. Tangu hapo kila jioni anaizima, na siku asipokuwa zamu huja na kiti chake.

Dukani nikakata kipande chembamba cha bati, nikakibandika ndani ya lenzi ya kutazamia, ili Zohali yenyewe ijifiche nyuma yake na mwanga usinipofushe. Jioni sita sikuona kitu. Baba amekaa kwenye kigoda kando yangu, mkono wake juu ya bomba, anahisi nikilisogeza. Ananiuliza, “Hewa imetulia?” Namjibu, “Inachezacheza.” Anasema, “Subiri.” Kaka, sijui kama unaelewa ilivyo kuambiwa subiri na mtu yule.

Jioni ya saba, saa mbili kasoro robo, hewa ilitulia kama maji ya mtungi. Pete zilikuwa uzi. Nikaangalia pembeni, kama alivyonifundisha. Na nje kidogo ya ncha ya ule uzi, upande wa magharibi, palikuwa na kitu kidogo kuliko vumbi. Kikapotea. Kikarudi palepale. Nikapumzisha jicho, nikahesabu mpaka mia, nikaangalia tena. Kilikuwepo. Nikamwita Mama Zamu naye aangalie bila kumwambia wapi. Alikaa sana, kisha akasema, “Kuna kadoa, huku, kananikimbia.” Akanyoosha kidole upande uleule.

Nikamwambia Baba, “Ndio Mtoro.”

Aliuliza upande, nikamwambia. Aliuliza umbali kutoka ncha ya pete, nikamkadiria. Akafanya hesabu kichwani, midomo ikicheza, akasema saa hiyo ndipo hasa ulipopaswa kuwa. Kisha akatabasamu, na neno lake la kwanza likawa hili: “Mpigie kaka yako. Mwambie tumeuona.”

Sikutaka. Moyo ulikataa kabisa. Miaka hii yote nimesimama mimi pale, na furaha ikija inatafuta njia ya kwenda kwako kwanza. Nikapiga. Haikupokelewa. Nikapiga tena. Nikakuandikia ujumbe: Baba anasema tumeuona Mtoro. Baba alikaa nje na simu mapajani mpaka baridi ikamwingia, nikamlazimisha aingie.

Kesho yake mchana ulijibu: “Hongera mzee.” Na picha ya kidole gumba.

Aliniuliza umesema nini. Nikamwambia umefurahi sana, umeuliza mambo mengi. Sasa unajua nami nimedanganya kwa ajili yako, uongo ambao sikuweza kuusema kwa ajili yangu.

Wiki mbili baadaye ndiyo barua yako ikaja, kwamba darubini haitumiki. Inatumika, Kaka. Ilitumika jana. Daftari la tano limefika ukurasa wa kumi na moja, mwandiko ni wangu peke yangu, na maneno ni ya Baba. Yeye ananiambia wapi nielekeze, mimi namwambia kuna nini. Pete zitafunguka tena mwakani, na Mtoro utazama kwenye mwanga mpaka baada ya miaka mingine kumi na mitano. Baba ana sabini na sita. Hesabu hiyo hata bingwa wa udongo anaiweza.

Nilipomaliza kumsomea barua, Baba alisema, “Mpe. Ni mwanangu, ameomba.” Nikamjibu jibu ambalo sijawahi kumpa maisha yangu yote. Nilisema, “Baba, sitampa.” Akageuza uso kunitafuta. Nikadhani atafoka. Akakaa, akapapasa fimbo yake, akasema, “Basi leo tutoke mapema, mawingu yatakuja.” Tukatoka mapema.

Kwa hiyo darubini haiji, wala madaftari. Binti yako hana kosa, na nampenda bila kumjua vizuri. Likizo yake ikifika, aje. Kitanda kipo. Nitamfundisha kuangalia pembeni, na babu yake atamwambia aangalie wapi. Akirudi shuleni atakuwa na kitu cha kueleza kuliko bomba la mbao alilotumiwa kwa mizigo. Ukitaka kuja naye, mlango kwako haufungwi, ila sitachemsha maji ya kuoga.

Baba ameamka, nimemsomea barua hii. Sikuruka mstari, hata ule wa ujumbe wako wa kidole gumba. Akaniambia niongeze maneno yake, niyaandike kama alivyoyatamka. Haya hapa: “Mwambie asijitese. Aliyesubiri ni mimi. Sikulazimishwa. Nilipenda kumsubiri mwanangu, na mtu hadai alichokipenda mwenyewe. Mwambie nimeshamsamehe, tena siku nyingi.”

Nimeandika, neno kwa neno. Huo ni msamaha wa Baba. Wangu sijautoa, na sitaki uusome mahali ambapo haupo.

Msalimie Wifi, mwambie kitenge nilikipata na kimenikaa. Mbusu binti yako kwa niaba ya babu yake. Shangazi anakusalimu na anasema unene unaouonyesha kwenye picha si afya. Mama Zamu hakujui, lakini naye anasalimu. Mungu akulinde huko uliko, akupe kazi yenye heri na nyumba yenye amani, na akucheleweshee kila ugonjwa usiosubiri.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda bado, ingawa leo imenigharimu kuliandika neno hilo.